Macho ya Mama na Ndege za Watu

Mama alipoanza kumwaga chai nje ya kikombe, wanawake wa chumba cha maombi walifurahi. Narudia: walifurahi! Mimi mtoto wake nalia jikoni, wao wanapiga makofi. "Mungu anamufunga macho ya inje," kiongozi wao akaniambia, "ili amufungulie ya ndani." Nikamjibu, kama ni hivyo, aanze na yako. Hakunisalimia tena.

Nakivale, kambini kwetu wakimbizi, kila mtu alikuwa anasubiri ndege ya kumhamishia ng'ambo. Marekani, Kanada, popote, mradi jina lako litoke. Na Mama, kadiri alivyopofuka ndivyo alivyozidi kuonyeshwa maono. Walimkalisha katikati ya mkeka, wanakatisha wimbo, wanamwambia, "Sema, mutumishi." Mama anasema anaona familia fulani inapanda ngazi nyeupe. Basi hapo ni vigelegele mpaka kwa jirani! Wanamletea ndizi, wanamwosha miguu. Mimi ninayemshika mkono kumpeleka chooni, hakuna aliyeniuliza kama nimekula.

Mama hakuwa mwongo, na hilo ndilo liliniuma. Tangu kwetu Kivu, kabla hatujakimbia, alikuwa mtu wa sala. Alipalilia maharage huku anaongea na Mungu kama unavyoongea na dada yako. Wao ndio walioigeuza sala yake kuwa ofisi ya safari.

Maharage yetu nilikuwa nayauza mjini Mbarara, mtaa wa Kakoba. Siku moja nikamweleza mteja wangu, mke wa mwanajeshi wa kambi ya jeshi ya pale, habari ya macho ya Mama. Akanicheka. "Hiyo si maono, hiyo ni mtoto wa jicho. Peleka yeye Ruharo kwa hospitali ya misheni, daktari natoa." Nilitamani kumkumbatia.

Niliporudi nayo hiyo habari, chumba kizima kilinivamia. Ati ninazima Roho. Ati nina wivu, nina pepo. Kiongozi akamshika Mama mkono: "Ukikubali kisu, maono itaisha, na sisi tutaozea hapa. Ni vile unapenda?"

Yaani mama yangu abaki kipofu ili wao wapande ndege! Nilimtukana. Nilimtukana kiongozi yule mbele ya Biblia yake, na sijajuta mpaka leo. Mama ndiye aliyetunyamazisha. "Muniache niende," akasema. "Kama ni Mungu, hawezi kuogopa daktari."

Tukaenda Ruharo, wakamfanyia upasuaji. Bandeji ilipotoka alinitazama, akageuza uso, na njia nzima ya kurudi hakunisemesha. Nikajua maono yameisha na mimi ndiye ninayelaumiwa.

Jumapili wakamkalisha tena mkekani ili wampime. "Sema, mutumishi. Unaona nini?"

Mama akawatazama mmoja mmoja. Halafu akaninyooshea kidole pale mlangoni. "Naona mutoto wangu amekonda mpaka siku ile ya bandeji niliogopa kumutazama. Nguo yake imepasuka begani. Kila siku nilikuwa nawauliza, munaniambia yuko muzuri. Hii ndiyo Mungu amenionyesha."

"Na ndege?" kiongozi akauliza. Shetani yule, hata haya hana!

"Ndege sioni."

Akainuka bila kushikwa, akaenda kuwasha moto. Alinipikia ugali na sombe, majani ya muhogo ya kwetu, akakaa mbele yangu akinitazama ninavyokula. Nimefunga, nimekesha, nimepiga magoti kwenye vyumba vya maombi vingi. Mungu alinitazama mara moja tu, na ilikuwa hapo jikoni.