Wavu Usiokatika

Ukumbi wa michezo wa chuo ulikuwa na wakubwa wengi, lakini funguo alikuwa nazo Babu Wavu. Ndiye aliyefagia, ndiye aliyepiga deki sakafu mpaka viatu vikalia kwi-kwi, na nyavu za kikapu alizisuka mwenyewe nyumbani, uzi ameufunga kwenye nondo za dirisha la sebuleni.

"Miaka yote hii, mimi hujanisuka hata unywele mmoja," mkewe humtania.

"Wewe nani akukate, bibi? Mwenye maadui ni huyu wavu."

Maana fainali ya vyuo vyote huchezwa ukumbi ule, na bingwa hupanda ngazi, akakata wavu kwa mkasi, akaondoka nao. Vijana wa pale walitwaa kombe mara moja tu, enzi Babu ana meno yote. Tangu hapo ni wageni. Wanakuja, wanafunga, wanakata, huyooo! Mwaka jana mmoja aliuvaa kichwani kama kofia, akamwomba Babu ampige picha. Babu akapiga, roho ikimuuma kama jino.

Msimu huu ulikuwa wake wa mwisho kabla ya kustaafu. Alitaka jambo moja tu: wavu wake ukatwe na vijana wake. Nao wakaanza kwa kufungwa nyumbani na ugenini.

"Timu yako inagawa pointi kama peremende," mkewe akasema.

Babu alitafuta waya mwembamba, akauficha ndani ya uzi, akasuka, akakaza, akautundika. Kama ni wageni tena, mwaka huu watakoma.

Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nahodha wao, Twiga, akapona goti, na timu ikaamka. Wakashinda, wakashinda tena, wakapenya kwa shida kuingia hatua ya mtoano, na kwenye nusu fainali wakamtoa yule mvaa kofia na wenzake. Babu alishangilia mpaka mpini wa ufagio ukavunjika. Habari ya waya ikamtoka kabisa.

Fainali, sekunde za mwisho, wako nyuma kwa pointi moja. Twiga akaruka, akatupa. Mpira ukazunguka ringi kama mgeni anayetafuta kiti, kisha ukaketi. Ukumbi ukalipuka!

Ngazi ikaletwa. Twiga juu, mkasi mkononi. Kacha. Wapi! Kacha, kacha.

"Kocha, mkasi huu butu!"

Ukaletwa mwingine, nao ukapinda. Wageni waliofungwa wakapata pa kupumulia.

"Waleteeni msumeno!"

Babu pembeni, ndipo alipoukumbuka ule waya. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Akajikongoja mpaka chini ya ngazi.

"Shuka, mjukuu wangu."

"Babu, umetia nini humu?"

"Chuki. Shuka niitoe."

Akapanda, magoti yakilalamika, wachezaji wameshika ngazi kama wameshika yai. Akafungua fundo moja moja, na kila lilipoachia, ukumbi mzima ukaitikia, "Eeeh!" Wavu ulipomwangukia mkononi, akashuka akampa Twiga. Twiga akaugeuza, akacheka, akamvika Babu kichwani.

"Haya, mpigeni picha na yeye!" mkewe akapaza sauti kutoka jukwaani.

Ncha ya waya ilimchoma sikio. Akasema "ai," lakini hakuuvua.