Mliouliza yule mwimbaji wa bendi ya kiwanda Morogoro aliishia wapi: ni mama yangu, na mkanda wake ninao

Heshima kwenu wakuu, na dada zangu mnaosoma kimya kimya kama mimi.

Miaka yote humu mimi ni wa kusoma na kugonga like. Leo naandika kwa sababu wiki iliyopita kuna mtu alitupia wimbo wa zamani wa bendi moja ya kiwanda cha hapa Morogoro, akauliza, "Hivi huyu mama aliyeimba aliishia wapi?"

Majibu yenu, Mungu anisamehe, yalinichekesha kwanza. Mmoja alisema aliolewa Uarabuni. Mwingine akasema alirogwa na mwenzake wa bendi akawa bubu. Kuna mkuu alikutana naye Dumila, eti anauza mahindi ya kuchoma.

Halafu nikaacha kucheka, maana mlikuwa mnamjadili mama yangu mzazi.

Nitakayosema hapa nimeyaona kwa macho, na mengine nimeyashuti kwa mkono wangu. Jina lake siliandiki. Wapenzi wa dansi walimwita Bondwa, kile kilele cha Uluguru, kwa jinsi sauti ilivyokuwa inapanda. Wa zamani watamjua.

Wale wa "fupisha mkuu", kachoteni chai kwanza.

Enzi hizo kiwanda kilikuwa na zahanati yake, timu yake ya mpira na bendi yake. Mama aliajiriwa kama karani wa stoo, ila sidhani kama alijua hata mlango wa stoo uko wapi. Kazi yake ilikuwa kuimba. Magitaa, ngoma, spika, mpaka sare za jukwaani, vyote vilikuwa mali ya kiwanda.

Mimi nililelewa na bibi mzaa mama, kijijini kwetu juu ya Mkuyuni. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo kukulia kwa bibi si habari ya kuonewa huruma. Nilikula ndizi na mashelisheli mpaka nikanenepa.

Mama alikuja mara chache, na vitenge vya kiwandani, akaondoka.

Sauti yake niliijua kabla sijaizoea sura yake. Bendi ikipigwa redioni, bibi alikuwa ananiita, "Njoo, mama yako anaongea." Nakaa mbele ya redio na adabu zangu zote. Siku moja niliiamkia ile redio shikamoo. Bibi hakucheka.

Sasa nifike kwenye jambo lililobeba uzi huu. Wanaume msiogope, yasiyosemwa sitayasema.

Nilipovunja ungo niliwekwa ndani kama mabinti wote wa kwetu wakati ule. Siku ya kutolewa, kwa desturi ya ukoo wetu, mama mzazi anasimama nje ya mlango anamwimbia mwanawe wimbo wa kumtoa. Mwali yuko ndani, hamwoni, anamsikia tu. Wimbo ukiisha anaambiwa toka, anavuka kizingiti, amekuwa mtu mzima.

Wimbo huo mwanaume hausikii. Wanaume wa nyumba wanaondoka mpaka uishe, na hakuna anayebisha.

Siku yangu mama hakuja. Bendi ilikuwa Dodoma kwenye sherehe za serikali. Tulimsubiri mpaka jua likapinda, mwishoni dada yake, mama mkubwa, akasimama mlangoni akaimba badala yake. Nikavuka kizingiti kwa sauti ya mtu mwingine.

Jioni redio ikarusha zile sherehe. Nchi nzima ilimsikia mama yangu siku ile isipokuwa mimi. Niliingia migombani nikaziba masikio.

Sikumuuliza, naye hakusema. Tukaendelea kuishi hivyo, salamu na heshima zote zipo, ila kuna kitu kimelala katikati yetu.

Kikaja kipindi cha ruksa na ubinafsishaji. Mitumba ikajaa sokoni, vitenge vya kiwanda vikakosa wanunuzi, kiwanda kikafungwa kikisubiri mwenye fedha. Vyombo vya bendi vikapigwa mnada pamoja na meza na makabati.

Mama alikwenda kuangalia mnada. Maikrofoni yake ilinunuliwa na jamaa wa kunadi sumu ya panya. Baada ya hapo tukipita sokoni tunaisikia, "panya, mende, kunguni", na mama anasimama kidogo, anasikiliza, anaendelea na safari.

Akaanza kuuza mitumba na yeye. Alikuwa anasema, "Kilichoniua ndicho kinanilisha," halafu anacheka. Mimi sikuwahi kucheka.

Wakati huo nilishamaliza shule, naishi naye mjini, nafanya kazi kwenye studio ya kushuti harusi. Mwanamke na kamera begani ilikuwa sinema tosha, watu walimwacha bibi harusi wakanitazama mimi.

Ndipo televisheni za watu binafsi zilipoanza. Producer mmoja wa Dar akaniambia nikimletea filamu ya mwanamuziki wa dansi wa zamani, ataionyesha. Mwanamuziki mwenyewe nilikuwa nakula naye ugali kila siku.

Na sauti ya mama ilikuwa imeanza kukwaruza. Hospitali wakaona uvimbe kooni. Daktari akatuambia bila kuzunguka kwamba inabidi upasuaji, na baada ya upasuaji sauti inaweza isirudi.

Hapo nikashikwa na haraka. Nilitaka vitu viwili kwenye mkanda. Sauti yake kabla haijaondoka, na jibu la kwa nini hakuja siku ile.

Nilimshuti anapanga mitumba, anachambua mchicha, anasuka nywele za jirani. Mwanzoni aliniuliza, "Unataka nitabasamu kama bibi harusi?" Baadaye akaizoea kamera, akawa ananisimulia ya safari, ya wapiga magitaa wenye wivu, ya mashabiki waliomtunza jukwaani. Mengi nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza. Naona ilikuwa rahisi zaidi kwake kuongea na kioo cha kamera kuliko na mimi.

Ila kuimba alikataa.

"Nyimbo zile za kiwanda," alisema. "Kiwanda kimeuzwa."

Nikamwambia mama, hizo umeimba wewe. Akasema, "Hata ile sketi nilivaa mimi. Niliirudisha."

Swali langu nililiuliza siku moja anapika, kamera inazunguka. "Mama, siku ya kutolewa kwangu ulikuwa wapi?"

Aliinuka, akafunua chungu cha maharage, akakifunika, akatoka nje. Mkandani kuna chungu tu na moshi, na mimi nahema nyuma ya kamera. Nilikasirika sana, wakuu. Nilijiona nimemnyenyekea mtu ambaye amegoma hata kunidanganya.

Kabla ya tarehe ya upasuaji akasema anataka kwenda kwao kuaga. Nikabeba kamera na betri moja iliyojaa, maana kule juu hakukuwa na umeme hata wa kusingizia. Nilishapanga kila kitu kichwani. Ningemsimamisha uwanjani, milima nyuma yake, nimbembeleze aimbe hata ubeti mmoja.

Tulipanda polepole. Watu wakamwamkia njia nzima, akawaitikia kwa Kiluguru chake ambacho mjini alikuwa hakitumii. Bibi alishafariki. Nyumbani tulimkuta mama mkubwa, na mjomba wetu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo.

Tulipomaliza kula mama akaniambia, "Ingia chumbani kwa bibi."

Ndicho chumba nilichowekwa nikiwa mwali. Nikaingia na kamera begani. Akasema kutoka nje, "Weka hicho kitu chini, ukae mkekani."

Kulikuwa na kinu kimepinduliwa pembeni. Nikaiweka kamera juu yake, nikakaa. Nikamsikia anasema, "Kaka, naomba wanaume msogee mtoni." Mjomba hakuuliza. Nikasikia kandambili zao zinashuka mteremko.

Hapo nikaelewa.

Akaimba. Akaimba wimbo wa kumtoa mwali, wote, na mama mkubwa anamwitikia. Sauti ile iliyokuwa inapanda mpaka Bondwa ilikuwa inakwaruza, inakatika, anameza mate, anarudia pale ilipokatikia. Hakuruka hata mstari. Mimi mtu mzima, nina mtoto wangu nyumbani, nimekaa mkekani nalia kama mwali.

Ulipoisha akasema, "Toka sasa, mwanangu."

Nikavuka kizingiti. Akanishika mabega, akaniangalia.

"Waliniambia nisipopanda gari la Dodoma nisirudi kazini," alisema. "Nikapanda. Nilijua nitakuimbia nikirudi, nikarudi ukawa hunitazami. Nikaogopa."

Ndilo jibu. Nilikuwa nimelisubiri kwa hasira miaka yote, kumbe na yeye alikuwa ananisubiri mimi nimtazame.

Niliporudi ndani kuchukua kamera niliona taa nyekundu inawaka. Sikuizima nilipoiweka juu ya kinu. Mama alikuwa nyuma yangu, akaiona na yeye. Nikamwangalia nione atasema nini. Akasema tu, "Hicho chako." Muda si mrefu betri ikaisha. Uwanja na milima sikuvishuti.

Upasuaji ulifanyika, ila ugonjwa ulishasambaa. Sauti ilitangulia, yeye akafuata.

Siku zake za mwisho alikuwa ananiita kwa kugonga pete kwenye kikombe. Mpaka leo mtu akikoroga chai karibu yangu, nageuka.

Producer alikuja kwenye msiba, nilimheshimu kwa hilo. Baadaye akatazama mikanda mingine yote, akaniambia kwa upole, "Dada, hii ni filamu ya mama anayepanga mitumba. Watu watataka kumsikia anaimba. Huna hata kidogo?"

Nilikuwa nacho kwenye pochi, hapo hapo mapajani.

Nitakuwa mkweli, nilishawishika. Nikawaza, nani atajua wimbo ule ni wa nini? Nchi itamkumbuka mama. Nikimficha, watamsahau. Nikamwambia anipe mpaka arobaini ipite.

Siku ya arobaini, nyumbani mjini, kisomo kilipoisha nikamweleza mama mkubwa kilichomo kwenye mkanda. Akafikiri. Akamwita mjomba, akamnong'oneza. Mjomba akawahamisha wanaume wote, na turubai lao, mpaka upande wa pili wa barabara. Kuna shehe wa watu alikuwa na sahani ya pilau mkononi, akahama nayo.

Tukafunga madirisha, nikawasha televisheni na deki.

Picha yenyewe mngeicheka. Ni nusu ya mlango, na kwenye upenyo wa chini miguu ya mama yangu, basi. Uso hauonekani hata mara moja. Ila sauti ipo yote.

Mama mkubwa akaanza kumwitikia, dada anamwitikia marehemu kwenye televisheni. Wanawake wa ukoo wakapokea, mmoja mmoja, mpaka chumba kizima. Miguu kwenye kioo ilipiga hatua kama inawasikia. Niliwaangalia nikajua kwamba huu si wa kupeleka Dar. Walioimbiwa wako humu ndani.

Filamu haikuonyeshwa popote. Ndiyo maana mnaulizana.

Sijuti, ila inauma, sitawadanganya. Nikisikia kijana anasema "huyu mama simjui", naumia. Mama aliimba kwa ajili ya kila mtu, akalipwa kusahauliwa. Kitu kimoja tu aliimba kwa ajili yangu, na hicho siwezi kuwaonyesha kumtetea.

Nililojifunza ni dogo. Kama mzazi wako ana deni la maneno kwako, mtazame. Pengine analo mdomoni siku zote, anaogopa uso wako tu.

Sasa shida iliyonileta, na hapa naomba msaada wa kweli. Mkanda umeanza kuota ukungu. Mafundi wa kuhamisha VHS kwenda kwenye flash nimewapata, Moro na Dar, wazuri tu, wote wanaume. Na kazi hiyo haifanyiki bila fundi kusikiliza. Mama mkubwa naye ametangulia, wanaoujua wimbo ule vizuri tumebaki wachache, na mimi sauti sikurithi. Nina mjukuu wa kike anakua.

Kama kuna dada humu anaijua kazi hiyo, na amechezwa unyago, aje PM. Nauli na chakula juu yangu. Wengine wenye kumbukumbu za bendi ile dondosheni hapo chini, nitasoma zote, hata za Uarabuni.

Na wewe mkuu uliyeuliza aliishia wapi. Aliishia mlangoni kwa mama yake, anaimba, na aliyekuwa ndani ni mimi.