Jina Langu Katika Daftari la Ruangwa

Mimi sijawahi kukopa hata sindano. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu bado linaniuma, na miaka yote hii sijapata mtu wa kunisikiliza mpaka mwisho bila kunikata kauli na kuniambia kwamba mjomba ni mjomba.

Nilikuwa seremala. Ufundi niliupatia Nachingwea, kwenye karakana ya Waingereza waliokuja kulima karanga. Walipofungasha na kuondoka wengi wao, mimi nikabaki na randa, msumeno, na kazi ya kutengeneza vitanda na milango ya watu. Mimi na mke wangu na watoto wawili tulipanga chumba kimoja ambacho mvua ikinyesha tunahamisha mikeka kutoka pembe hii kwenda ile. Kisha vikagawiwa viwanja mjini, nami nikapata kimoja. Sharti lake lilikuwa nyumba ya bati, tena msingi uonekane kabla ya masika ya mwaka wa pili, la sivyo anapewa mwingine. Fedha ya msingi wala ya bati sikuwa nayo. Ofisi ilikuwa ikiwakopesha wenye viwanja, na nyumba inakaa rehani mpaka umalize kulipa. Nikaenda kuomba.

Karani alifungua jalada, akasoma, akaniangalia kama mtu aliyeshikwa na kuku wa jirani.

"Fundi, wewe hulipi madeni. Tumeuliza dukani kwenu Ruangwa, tumejibiwa."

Nilicheka. Nikadhani wamechanganya watu. Akanionyesha barua, na jina lilikuwa langu, na la baba, na la kijiji.

Kesho yake nilipanda baiskeli mpaka Ruangwa. Mwenye duka alikuwa Mhindi aliyezaliwa palepale, anasalimu watu kwa Kimwera kizuri kuliko changu. Akatoa daftari, akaanza kunisomea. Sukari. Mafuta ya taa. Kanga doti mbili. Jembe. Sanda ya bibi yangu. Maziko yale nilikuwepo, nililia, na sikujiuliza sanda imetoka wapi. Halafu akaendelea: kofia nyekundu yenye shada. Bibi yuko kaburini, mtu ananunua kofia ya shada kwa jina langu.

"Nani kachukua vitu hivi?"

"Mjomba wako. Alisema mpwa wake ni fundi Nachingwea, atalipa."

"Na wewe ukampa bila kuniuliza?"

"Bwana, mila yenu naijua. Mali ya mpwa ni ya mjomba. Nikuulize nini?"

Jumla ilikuwa shilingi mia moja na themanini na kitu. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Hawakusema kwamba harusi atacheza mwingine na matanga nitakaa mimi.

Nilimkuta mjomba barazani kwa mama, kofia kichwani. Yeye ndiye kaka mkubwa wa mama, na kwetu huyo ndiye mwenye watoto; baba ni mgeni aliyekuja na shoka lake. Nikamwambia yote, pasipo hata salamu ya maana. Hakukasirika. Akaniuliza nani alinipeleka jandoni, nani alinitafutia mke, nani aliyemuuguza bibi mpaka akafa nilipokuwa Nachingwea nachonga vitanda vya Wazungu. Nikamjibu kwamba jandoni hakunipeleka kwa kofia ya shada. Mama akafunika uso kwa kanga.

"Hasira hasara, mwanangu," akasema.

Nikamwambia hasara nimeshaipata, bora nibaki na hasira.

Mhindi alinipa njia. Nilipe kila mwisho wa mwezi kwa mkono wangu mwenyewe, bila kukosa hata mara moja, na nikimaliza ataniandikia barua nyingine ya kufuta ile ya kwanza. Lakini alitaka kwanza nimfungie mjomba mlango. "Nisije nikaandika huyu analipa," alisema, "huku mwenzako anachukua." Lilikuwa neno la haki. Ningeweza kwenda kumwambia mjomba faraghani, nyumbani, kwa heshima. Sikwenda. Nilingoja siku ya mnada, duka limejaa, naye yupo kwenye kaunta na pakiti ya chumvi mkononi, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje kwamba kuanzia leo mzee huyu asipewe kitu kwa jina langu, si mtu wa kuaminiwa.

Watu waliangalia chini. Mjomba aliirudisha chumvi juu ya kaunta, taratibu, akatoka. Mimi roho ilikuwa nyeupe. Nasema kweli, siku ile nilikula nikashiba.

Basi nikalipa mwaka mzima. Kila mwisho wa mwezi baiskeli, matope, pancha, kulala kwa watu. Mke wangu alipika muhogo asubuhi na muhogo jioni, na watoto walikwenda na nguo za viraka ili mimi nilipe kanga nisizozijua rangi. Mara moja nilikwenda na homa, natapika njiani, kwa sababu fedha iliyopelekwa na mtu mwingine Mhindi asingeihesabu. Kila shilingi niliyoiweka pale niliiweka kwa matusi ya moyoni. Mwezi wa mwisho akaandika: mtu huyu analipa, na hulipa kwa wakati. Akapiga mhuri wa duka. Niliikunja barua ile ndani ya kitambaa kama hirizi.

Karani aliisoma mara mbili, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Safi, fundi. Jina lako limetakata. Sasa bado dhamana tu."

"Dhamana gani?"

"Nyinyi watu wa huku, mtu akifa mrithi si mtoto. Wajomba wanakuja wanang'oa bati wanaondoka nalo, na deni linabaki kwetu. Nataka mjomba wako aje aweke dole gumba kwamba anaijua rehani hii. Bila yeye siandiki."

Kabla ya masika ilibaki miezi miwili. Nilinunua sukari kilo mbili na kanzu mpya, nikaenda Ruangwa, nikapiga magoti mbele ya mjomba nikamwomba radhi. Magoti yalipigwa, lakini moyo ulikuwa umesimama wima, naye aliuona. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kanzu hakuigusa.

"Dole ninalo, baba," akasema. "Lakini wewe ulisimama mbele ya watu ukasema mimi si wa kuaminiwa. Dukani sifai kuaminiwa chumvi. Leo niende kwa serikali niaminiwe nyumba? Wakiuliza Ruangwa, watajibiwa nini?"

Mama alimsihi, akalia. Alikataa. Na kinachonichoma mpaka leo ni kwamba lile swali karani angeliuliza kweli.

Masika ikaja. Kiwanja kikapewa mtu mwingine, mwenye duka dogo la nguo, na kabla ya mavuno nyumba yake ilikuwa imefika kwenye linta, juu ya madirisha. Akanitumia mtu, ananihitaji nimtengenezee milango na madirisha. Nilikwenda, maana watoto walihitaji kula. Nilipima kila chumba cha nyumba ile kwa futi yangu. Nilipotaja bei akaniomba nimwamini nusu, atalipa mwisho wa mwezi.

Nikamwambia akamlete mjomba wake.