Moja, Tatu, Nne, Mbili

Mume wangu mtaa mzima unamwita Dereva, na jina hilo kalitolea jasho: kaendesha malori mpaka mvi zikamjaa. Siku hizi mikono inamtetemeka na mambo yanampotea kichwani, ila ukimwambia hivyo ananuna kama mtoto aliyenyimwa titi. Binti yetu hakuogopa kununiwa. Alimwambia baba yake asiendeshe tena.

"Sawa," mume wangu akajibu. "Gari linakohoa. Nitabadilisha plagi mwenyewe, hapahapa uani. Likiwaka vizuri, mjadala huo uufunge."

Asubuhi akafungua boneti, injini ikiwa imepoa. Binti akakaa kizingitini akimenya viazi, jicho likiwa kwa baba yake.

Miaka yote Dereva alikuwa na kanuni yake: ng'oa waya mmoja, badilisha plagi yake, rudisha waya, ndipo uuendee mwingine. Kagombana na mafundi wengi kwa ajili hiyo. Leo yeye mwenyewe kazing'oa nyaya zote kwa mkupuo. Plagi mpya alizifunga vizuri. Kisha akasimama na nyaya mkononi, akiitazama distribyuta inayogawa moto, asijue upi unaenda wapi. Nilimhurumia.

"Baba, vipi?" binti akauliza.

"Haraka haraka haina baraka."

Nikachukua kitambaa, nikajifanya nafuta boneti huku naimba chinichini: moja, tatu, nne, mbili. Ndivyo moto unavyopita katika silinda za injini ile, na ndivyo Dereva alivyombembeleza binti huyuhuyu alipokuwa mchanga, maana wimbo mwingine hakuujua. Akanitupia jicho. Mikono ikaanza kazi.

Gari likawaka mara moja, likanguruma bila kukohoa.

"Haya, baba, umenishinda," binti akasema. "Endesha."

Mimi ningenyamaza, Mungu anisamehe. Mume wangu akazima injini, akachomoa ufunguo.

"Sijakushinda, mwanangu. Nyaya zilinipotea. Mama yako ndiye aliyenikumbusha."

Akaniwekea ufunguo kiganjani, akazunguka upande wa abiria, akakaa, akafunga mkanda. Tangu anioe sijampenda kama nilivyompenda pale.

Tukatoka getini. Kabla hatujafika kona alikuwa keshanigombeza juu ya gia, nami nikamwacha agombe.