Koti Kwenye Mgunga

Mama mkwe wangu alitaka jambo moja tu kabla ya Jumapili ya Meza ya Bwana: magoti yake yakunjike. Kwa muda mrefu mchungaji alikuwa akimletea kikombe pale alipokaa, huku wanawake wa rika lake wakipiga magoti mbele, kwenye reli ya mbao. Wengine walikuwa wameanza kunong'ona. Si magoti, walisema, ni kiburi, au kuna dhambi anaificha. Huyu ni mwanamke aliyezika mume mapema na kusomesha watoto kwa kuchuma chai. Maneno hayo yalimuuma kuliko magoti yenyewe.

Mtu akamwambia kuhusu maji moto. Yako chini kabisa, pale vilima vya Nyambene vinapoishia na nchi inakuwa kavu, mawe meusi na migunga. Ada yake haizidi bei ya soda. Unaingia, unakaa mpaka uchoke, unatoka umelegea kama ndizi iliyochemshwa. Mke wangu akapanga safari ya siku moja: tutoke kwetu Karurumo alfajiri, tupite Meru mjini kumchukua mama yake na kaka yake, tushuke majini, turudi kabla ya giza. Mimi nilipewa usukani. Nimesoma sheria chuo kikuu mpaka nikachosha walimu, nikabaki hukohuko kufundisha, na kila nikienda ukweni huwa dereva.

Hapa lazima nieleze nthoni. Ni heshima na aibu zikiwa neno moja, na ndiyo inayokaa kati ya mtu na wakwe zake. Hata jina Muthoni, ambalo kila mtu huku ana jirani anayeitwa hivyo, maana yake ni mkwe. Watu wa kanisa siku hizi wameilegeza nthoni. Mama mkwe hakuilegeza. Hatukuwahi kushikana mikono. Tangu harusi hakuwahi kunisemesha moja kwa moja. Maneno yake yalipitia kwa binti yake hata nikiwa nimesimama hapohapo. Akikaa kiti cha nyuma, mimi hugeuza kioo cha dereva kitazame paa, ili macho yetu yasikutane. Nimeteremka kona zote za Meru namna hiyo, bila kujua ni lori gani liko nyuma yangu, na kama ningekufa ningekufa nikiwa na adabu.

Tulimchukua mama, kisha tukamkuta shemeji kwenye bucha yake karibu na soko. Ni mtu mnene, mcheshi, mwenye mikono ya kuvunja mifupa, na hiyo ndiyo kazi yake. Nje ya bucha umati ulikuwa unampiga kijana kwa sababu ya simu iliyopotea. Walimpiga kwa viatu, kwa mkanda, kwa kipande cha kreti ya mbao. Alikuwa ameacha kujikinga; kila pigo lilimtikisa kama gunia. Shemeji akatoka na koti lake jeupe la kazi, lenye damu ya ng'ombe kifuani, akapenya, akaongeza teke moja kama mtu anayetia sahihi, akarudi kumpimia mteja matumbo.

"Amekuibia wewe?" nikamuuliza.

"Mimi? Hapana," akasema. "Lakini nikinyamaza, kesho atakuja kwangu."

Baadaye kidogo mwenye simu akaikuta ndani ya kikapu chake, chini ya sukuma wiki. Umati ukayeyuka bila mtu kumtazama mwenzake. Kijana akabaki ameketi kwenye mtaro, anatema meno.

"Mwambie mume wako afunge dirisha," mama mkwe akasema kutoka kiti cha nyuma. "Tuondoke."

Shemeji akaja hivyohivyo na koti lake. Akasema atalivua tukifika.

Tulishuka. Chai ikaisha, migomba ikaisha, baridi ikaisha, na joto likaingia ndani ya gari kama mtu wa tano. Juu ya kijito kulikuwa na lango la miti, na mama mmoja wa kikundi cha wanawake akipokea ada na kuuza chai ya rangi. Alitueleza utaratibu. Kisima ni kimoja, kwa hiyo wanaume na wanawake hupokezana. Kando ya njia kuna mgunga, na mgunga huo ndio unaosema. Ukikuta leso imetundikwa, wanawake wako ndani. Ukikuta koti au shati, ni zamu ya wanaume. Hakuna kibao, hakuna saa.

Mke wangu akatundika leso yake ya njano. Akamshika mama mkono, wakashuka polepole kwenye mawe, fimbo ikigonga. Mimi na shemeji tukabaki kulinda njia tukiyapa maji mgongo. Kwangu ilikuwa nthoni, kwake alikuwa mama mzazi. Hakuna kati yetu aliyekuwa na ruhusa ya kugeuka. Nyuma yetu tukasikia maji yakipiga chubwi, kisha sauti ya mama ikitoa pumzi ndefu ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Mwari wakwa," akamwambia binti yake, "haya maji yana mikono."

Shemeji alikuwa anatokwa na jasho. Akavua koti, akalitundika. Alilitundika kwenye mgunga, juu ya leso, kwa sababu hapo ndipo palikuwa na tawi zuri. Mtu ambaye kila asubuhi ya maisha yake anatundika koti kwenye kulabu hawezi kuona tawi akaliacha. Sikuona kosa lolote. Nilikuwa nawaza jinsi nitakavyoandika kuhusu utulivu wa mahali pale.

Kisha wakaja vijana, kundi zima, kutoka upande wa lango. Walikuwa wanatafuna miraa, mashavu yamevimba, mataulo mabegani. Mbele yao alikuwa mmoja mrefu mwenye kofia nyekundu.

"Simama hapo," shemeji akasema.

"Budaa, hama," akajibu mwenye kofia. "Ni zamu yetu."

"Zamu ya nani? Mama yangu yuko ndani!"

"Basi mwambie atoke. Sisi tumelipa."

Nasema kwa uaminifu kwamba kijana yule alikuwa akinyoosha kidole kwenye mti. Alisema, "Si hiyo hapo koti? Koti si ni wanaume?" Hata mimi niliyesikia, sikusikia. Shemeji alikuwa ameshasikia neno moja tu, atoke, na ngumi yake ikatua mdomoni mwa yule kijana na kijani cha miraa kikaruka pamoja na damu.

Mengine yalitokea kwa pamoja. Wawili walimrukia shemeji. Mmoja akanishika ukosi, nikampiga teke lililokosa. Mwingine akanipiga tumboni, nikajifunza jinsi hewa inavyoweza kutoka kwa mtu yote kwa mara moja. Kofia nyekundu akanyakua koti mtini ili atuonyeshe. "Oneni! Koti ndiyo hii!" Na kutoka mfukoni mwa koti kikaanguka kisu cha bucha, kirefu, kikalia juu ya jiwe.

Wote tuliganda.

"Wamekuja na kisu," mmoja akasema taratibu. "Hawa wamekuja kuua."

Kuanzia hapo haikuwa tena ugomvi wa zamu. Wakaanza kuokota mawe. Mmoja akakiwahi kisu. Shemeji akamrukia kabla hajakiinua, wakaanguka, wakabiringika wakinipita, wakateremka kuelekea majini, nyuma yangu. Nikasikia kitambaa kikichanika, na shemeji akapiga kelele niliyozoea kuisikia kwa mafahali wake.

"Shemeji! Geuka! Amenikata!"

"Siwezi!" nikapiga kelele. "Mama yako yuko majini!"

"Geuka, mjinga wewe! Wananiua!"

Wanawake walikuwa wanapiga mayowe. Nilisimama pale, mwanamume mzima, jiwe limenipata bega, lingine mbavu, uso wangu ukitazama Nyambene. Sheria zote nilizosoma hazikuwa na kifungu cha hali hii. Hatimaye nikafanya kile kilichoonekana kuwa suluhisho: nikafumba macho, nikageuka, nikateremka nikirusha ngumi gizani. Ya kwanza ilipata kitu laini.

"Ni mimi!" shemeji akalia. "Ni sikio langu hilo!"

Ya pili haikupata kitu. Ya tatu sikuirusha. Jiwe lilinipata juu ya jicho la kushoto kwa mlio ambao niliusikia ndani ya kichwa kabla ya kuusikia nje. Nikaanguka kwenye changarawe. Damu ilikuwa ya moto kuliko maji yale, ikajaa masikioni. Na bado nilikuwa nimefumba macho, yote mawili, lile zima kwa hiari.

Yaliyofuata nimesimuliwa, na kila msimulizi ana lake. Wanakubaliana kwamba mama mkwe alitoka majini na leso moja iliyolowa kifuani na fimbo mkononi. Fimbo ilianza na mwenye kisu, kwenye kifundo cha mkono, na kisu kikaanguka majini. Ikaenda kwa kofia nyekundu, shingoni. Ikarudi ikampata mwanawe pia, kwa sababu alikuwa karibu. Kijana aliyekuwa na jiwe mkononi alilitupa kando, akainamisha kichwa na kusema, "Pole, cucu," kama anayemwomba nyanya yake msamaha, na hata yeye alilipata lake. Mama wa langoni alikuja akikimbia, akaliona koti chini na leso mtini, akaelewa kabla yetu wote. Akaanza kumtukana shemeji kwa Kimeru kizuri sana.

Mimi nilichosikia ni fimbo ikianguka karibu na kichwa changu. Kisha mlio kama wa matawi makavu. Kisha vidole vizito vya mchuma chai usoni mwangu, ngozi kwa ngozi, kitu ambacho hakikuwahi kutokea na hakikupaswa kutokea.

"Muthoni," akasema. Kwangu mimi, si kwa binti yake. "Fungua jicho nione."

"Mama, hujavaa."

"Nimevaa cha kutosha. Fungua."

Sikufungua. Akalifungua mwenyewe kwa kidole gumba, nikaona wekundu tu. Akakaza pindo la leso kwenye unyusi wangu mpaka nikalia. Halafu mikono yake ikasita.

"Mwari wakwa!" akaita, na sauti yake ilikuwa ya furaha kabisa, huku mimi nikivuja damu chini yake. "Njoo uone! Yamekunjika!"

Mke wangu aliendesha gari. Shemeji alikaa mbele, mkono umefungwa kwa koti lile lile. Nililala nyuma, kichwa mapajani pa mama mkwe, na kila niliposinzia alinichapa shavu. "Muthoni, usilale. Niambie, unafundisha nini huko chuoni?" Nikamwambia. Hakupendezwa. Hospitalini Meru walinishona, wakasema jicho litapona. Shemeji akashonwa mshono mrefu zaidi, na mama akatangaza mbele ya muuguzi kwamba kondoo wa kusafisha nthoni iliyovunjwa atatoka kwa mwenye koti.

Jumapili ilipofika hakuweza kupiga magoti. Changarawe ilikuwa imemchuna ngozi mpaka nyama, na magoti yalikuwa yamefungwa bendeji chini ya gauni. Mchungaji akashuka na kikombe kama kawaida, wale wanawake wa rika lake wakageuza vichwa. Mama mkwe akainua pindo la gauni kidogo, bendeji zikaonekana.

"Nilishapiga," akasema, kwa sauti ya kufika reli ya mbele. "Muulize yule."

Kanisa zima likanitazama. Nilikuwa nyuma, nina jicho moja tu la kutumia, na hilo nikaliinamisha haraka nikatazama viatu vyangu.