Tonge Nililolikwepa kwa Shangazi

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi huko Ibaba, ukungu haujatoka mabondeni, nami nikitembea mbele ya wageni watano kama vile milima ni ya kwangu. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Kiingereza changu cha kuokoteza nilikipata Tunduma kwa Wazambia, basi wageni waliofikia misheni walipotaka kutembezwa vijijini na kuonja vyakula vyetu, nikaitwa mimi. Mwanangu, uliponiambia kwamba na wewe umeanza kazi hiyo nilifurahi, lakini moyo uliniuma pia.

Shangazi yangu Tusekile alikuwa mjane. Tangu mumewe afariki ghafla, majirani walinong'ona kwamba chakula chake si cha kuamini. Hakuna aliyesema mbele yake, ila hakuna aliyekula kwake. Aliposikia habari za wageni akaniita.

"Baba, walete na kwangu," akasema. "Watu wakuone unakula kwangu. Sitaki kingine."

Kwetu anayemleta mgeni ndiye anayemega tonge la kwanza, ili mgeni ale bila wasiwasi. Nikamwahidi.

Tulipita nyumba tatu, tukaonjeshwa magimbi, kande na togwa, wageni wakicheka na kupiga picha. Kwa shangazi tulifika jua limeshapanda. Alikuwa amechinja jogoo wake pekee, amesonga ugali wa ulezi, amevaa kitenge chake cha kanisani. Majirani walikuwa kwenye ua wa matete, eti wanapita njia. Sijui ni njia gani hiyo inayopitwa kwa kusimama. Shangazi akaninawisha mimi kwanza, akanisogezea sahani.

Nikasema, "Shangazi, mimi nimeshiba. Waache wageni waonje, tunachelewa."

Akaisogeza sahani kwa wageni. Wageni wa watu hawakujua lolote, wakala vizuri na kusifu. Lakini pale uani hakuna aliyewatazama wageni. Walinitazama mimi, damu yake. Kabla ya jioni kijiji kizima kilikuwa kinasema kwamba hata mtoto wa kaka yake amekataa, lazima kuna analolijua.

Shangazi hakunigombeza hata mara moja, na hilo ndilo linalonitesa. Mvua zilipoanza alifunga nyumba yake akahamia kwa binti yake Msangano, kwenye joto asilolizoea, na huko ndiko tulikomzika.

Miaka yote nimewaambia watu kwamba siku ile nilikuwa nimeshiba. Wewe nakwambia ukweli. Sikuwa nimeshiba, niliogopa. Yale maneno ya majirani niliyaamini kidogo tu, na kidogo hicho kilitosha kummaliza mtu aliyenilea.

Kwa hiyo, mwanangu, ukipeleka wageni nyumbani kwa mtu, ujue wao wataondoka, mwenye nyumba atabaki na majirani zake. Kaa chini, nawa, ule wewe kwanza, hata kama umeshiba kweli. Na kama kuna ndugu yako anayenong'onwa, usingoje wageni wala sherehe. Nenda kwake wiki hii, mchana, watu wakikuona, ukale. Mimi nilidhani nitakuwa na siku nyingine ya kurekebisha, sikuipata.

Mungu akutangulie katika njia zako za milimani, akupe miguu isiyochoka, na hofu iliyonishika mimi asiiruhusu ikufikie.