Miche Niliyoing'oa na Kuirudisha

Mwaka 1976, nikiwa na miaka kumi na moja, baba alifariki. Alikuwa amemwazima mtu eneo alime mahindi. Kwetu aliyeazimwa shamba hapandi mti, maana aliyepanda mti ndiye mwenye ardhi. Analima vya msimu, anavuna, anatoka. Yule bwana alichomeka michungwa kimyakimya baba akiwa kitandani. Baada ya msiba mama akamwambia aondoke. Akajibu, "Shemeji, hii miti nani kaipanda?" Wazee wakampa eneo, nasi hatukuwa na jingine. Sisi tukaishia kambi ya mkonge, Ngombezi. Darasa langu la mwisho ni la tatu.

Nimekata mkonge miaka kumi na saba. Nimeuza mahindi ya kuchemsha kwenye mabasi Mombo. Ndipo nikanunua eka sita huku Handeni, chini ya kilima ambacho msitu wake wachoma mkaa wameumaliza. Kijito changu kikaanza kukauka kila kiangazi.

Miaka michache iliyopita wakaja watu wa kurudisha msitu, mkubwa wao binti.

"Shikamoo mzee. Tunapanda miti ya asili. Mvule, mkangazi, mninga. Miche bure, na kupanda tunapanda wenyewe."

"Marahaba. Na nyie mnapata nini?"

"Msitu, mzee."

"Msitu gani unaowalipia nauli ya kuja huku?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Mtu akiniambia bure, nashika mfuko. Lakini maji nilikuwa nayataka, nikakubali. Asubuhi moja wakapanda miche arobaini kando ya kijito, kila mmoja wakaufunga kibati chenye namba. Namba! Ng'ombe hapigwi chapa kwa urembo, hupigwa ajulikane ni wa nani.

Walipoondoka tu, jua likiwa kali, niliing'oa yote. Kesho yake nikamwita jirani wa mpaka ashuhudie, nikairudisha kwenye mashimo yaleyale kwa mkono wangu.

"Mzee, unazika ulichofukua jana?" akaniuliza.

"Wewe angalia tu. Ukiulizwa nani kapanda, utasema."

"Nitasema mwendawazimu."

Ilipona tisa. Mizizi ilikuwa imelala juani siku nzima, na mimi mkata mkonge nilidhani kila mmea ni mgumu kama mkonge. Binti aliporudi akasimama kwenye miche mikavu, akaniuliza kama kuna mchwa. Ningeweza kusema ndiyo. Nikamwambia ukweli, pamoja na habari ya michungwa.

"Mzee, si ungesema tu?" akasema.

"Ningesema, ungeniletea karatasi niweke dole gumba."

"Basi karatasi niandike mimi, nisaini mimi."

Akaandika kwenye daftari kwamba miti yote ni ya mwenye shamba na wao hawadai hata jani. Nikampelekea mwalimu anisomee. Nikampelekea na mwalimu mwingine, maana wa kwanza alisoma haraka mno. Mwenyekiti wa kijiji akagonga muhuri. Ndipo wakaleta miche mingine, nikapanda mwenyewe, nao wakinielekeza wamesimama nje ya mpaka.

Bado wakija kupima mashina nawafuata nyuma, hatua kwa hatua.

Leo nina eka sita. Nyumba ya tofali za kuchoma, bati. Mbuzi kumi na wanne. Baiskeli moja, haina breki. Kijito ambacho mwaka jana hakikukauka. Miti ya asili hamsini na mitatu, haina vibati. Na ile karatasi, ambayo mke wangu tu ndiye anajua ilipo.